Mpini Usio na Simba

Nilikwenda Morogoro kutafuta kisu chenye kichwa cha mnyama.

Chanzo kilikuwa picha. Katika jumba la makumbusho la Metropolitan, New York, kuna jambia la Kihindi lililotengenezwa yapata mwaka 1640, enzi za mfalme Shah Jahan. Mpini wake ni jiwe gumu la kijani liitwalo jedi, limechongwa likawa kichwa na shingo ya nilgai, yule swala mkubwa wa India. Masikio yamelazwa nyuma, matundu ya pua yamefunguka kidogo, na mchongaji hakuisahau hata misuli ya taya. Nilipoitazama sana picha ile nikashikwa na wivu wa kizalendo. Wenzetu walikuwa na nilgai. Sisi tulikuwa na simba, chui, tembo, kifaru na chatu, tena uani kwetu. Wahunzi wetu je, waliweka nini juu ya mipini yao?

Nilichagua Uluguru kwa sababu ya chuma na kwa sababu ya wanyama. Dakawa, kaskazini ya mji wa Morogoro kwenye barabara ya Dodoma, wanaakiolojia Randi Haaland na Cecilie Msuya walichunguza mabaki ya watu waliofinyanga vyungu na kuyeyusha chuma huko nyuma katika milenia ya kwanza. Na ukiishuka milima upande wa kusini unaingia kwenye lile lililokuwa Pori la Akiba la Selous. Kama kichwa cha mnyama kingeota juu ya mpini mahali popote bara, nilidhani kingeota hapa.

Siku hizi safari ya Dar es Salaam hadi Morogoro haina cha kusimulia. Treni ya umeme, iliyoanza kubeba abiria katikati ya mwaka 2024, inakushusha nje kidogo ya mji kabla saa mbili hazijaisha, shati lako likiwa bado limenyooka. Richard Burton alipotoka Kaole mwishoni mwa Juni 1857 alitumia karibu mwezi mzima kufika Zungomero, upande wa pili wa milima hii. Nitarudi kwake, maana ana deni na habari hii. Kwa sasa yatosha kusema kwamba ukitoka stesheni unaiona Uluguru yote mbele yako, kilele cha Lupanga kimejifunika wingu, na mwenye bodaboda ameshakuuliza unakwenda wapi kabla hujajua mwenyewe.

Mji wenyewe ulianza na mnyama, ingawa ni kwa jina tu. Kisabengo, Mzigua aliyejenga ngome chini ya milima hii katikati ya karne ya 19, aliacha nyuma yake mji uliojulikana kwa jina la Simbamwene. Henry Morton Stanley alipopita mwaka 1871 akimtafuta Livingstone alimkuta binti wa Kisabengo akitawala, na mtu huyu ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu alisifu ngome, minara yake, na milango mikubwa ya mbao iliyojaa nakshi ndogondogo kwa mtindo wa Kiarabu. Mwaka uliofuata, akirejea pwani, alikuta mafuriko yamezoa sehemu kubwa ya mji. Kwa hiyo palikuwa na mafundi wa nakshi hapa, na palikuwa na mtawala aliyebeba jina la simba. Simba mwenyewe hakuchongwa mlangoni.

Asubuhi nilikwenda kwa wahunzi pembezoni mwa mji, chini ya mwembe. Mvukuto wa ngozi umeondoka. Mahali pake pana feni inayozungushwa kwa gurudumu la baiskeli, na kijana wa miaka kumi na kitu ndiye anayeizungusha huku akiangalia simu. Fuawe ni kipande cha reli ya zamani. Malighafi ni springi za malori. Fundi mkuu, mzee mwenye mikono iliyojaa makovu madogo ya cheche, alikuwa anafua mundu.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Panga au jembe?"

Nikamwambia sikuja kununua, nimekuja kuuliza, na kabla hajakunja uso nikanunua kisu cha jikoni. Kisha nikamfungulia picha kwenye simu. Nilianza na nilgai wa Shah Jahan. Nikampitisha kwenye kastane, upanga mfupi wa Sri Lanka ambao mpini wake huishia kwenye kichwa cha simba aliyeachama. Nikamwonyesha jambia la Deccan, India ya kusini, la karne ya 16, ambalo wanyama wake wamerukiana na kung'atana hadi mpini mzima umekuwa vita. Nikamwonyesha vichwa vya joka vilivyochongwa kwa jedi na mafundi wa enzi za wajukuu wa Timur, karne ya 15, kwa ajili ya kinga ya mkono; na kitako cha upanga wa askari wa Venice ambacho wajuzi wa silaha wamezoea kukiita kichwa cha paka, ingawa inahitaji moyo mwepesi kumwona paka mwenyewe. Mwisho nikamwonyesha barung, kisu kipana cha Waislamu wa kusini mwa Ufilipino, chenye mpini wa kakatua, yule kasuku mwenye kishungi.

Alizitazama zote kwa utulivu, akazirudia, kisha akatoa hukumu ambayo sijaisoma kwenye kitabu chochote cha silaha.

"Hiki cha swala ni cha kukalia mbele ya wageni. Ukikata nacho kuni mara kumi, masikio haya yatakutoboa kiganja. Huyu simba naye hivyohivyo. Lakini huyu ndege," akarudi kwa kakatua, "huyu fundi wake anajua kazi. Angalia mdomo unavyopinda. Unashika nyuma ya mkono. Ukivuta, kisu hakichomoki."

Alichokisema ndicho siri ya nusu ya vichwa hivi duniani. Mpini unahitaji uvimbe mwishoni ili mkono usiteleze. Ukishaweka uvimbe, na ukawa na ujuzi na muda, jicho linaanza kuona pua, linaona shingo, linaona mdomo wa ndege. Wafua shaba wa nyika za kaskazini mwa China walikuwa wakimalizia visu vyao kwa vichwa vya kondoo dume zaidi ya miaka elfu mbili kabla Shah Jahan hajazaliwa. Shingo ya mnyama imepinda pale ambapo kiganja kinataka pindo.

Lakini masikio ya nilgai hayasaidii kiganja kwa lolote, na hapo ndipo nusu ya pili ya siri inapoanza. Ukitazama michoro ya Padshahnama, kitabu kilichoandikwa kueleza utawala wa Shah Jahan, ukumbi umejaa mamia ya wakuu, kila mmoja na jambia kiunoni, na wenye majambia ya kichwa cha mnyama ni wachache tu, watu wa karibu na kiti cha enzi. Ilikuwa heshima ya kuonekana. Mfalme alipomwona mtu na kichwa cha farasi mshipini, alijua ni nani, na wengine wote walijua pia.

Nilimuuliza fundi kama baba yake au babu yake aliwahi kufua au kuchonga kitu cha namna hii. Alichovya mundu majini, mvuke ukapanda.

"Sisi tunafua. Mpini mtu anajitafutia mwenyewe porini. Mpera, basi. Unauchoma mkia wa kisu mpaka uwe mwekundu, unauzamisha kwenye mti, umekwisha."

Isije ikasemwa kwamba mikono ya Kiafrika haikuweza. Huko Karagwe, kaskazini magharibi ya Tanzania, hazina ya mfalme Rumanika pale Bweranyange ilikuwa na ng'ombe wa chuma wenye pembe ndefu, vitu vidogo vya kupendeza kupita kiasi. Stanley aliiona hazina hiyo mwaka 1876, ikiwa na mikuki na silaha za fahari. Na Shanga, kisiwa cha Pate, Mark Horton na wenzake walichimba katika miaka ya 1980 wakaokota simba mdogo wa shaba anayeenea kiganjani, wa yapata mwaka 1100, mwenye sura ya Kihindi. Kwa hiyo katika zama zile ambazo wazungu wanaziita za kati, mwambao wetu uliujua mnyama wa metali, na bara baadaye lilimfua kwa chuma. Uwezo ulikuwepo. Swali likabaki palepale: kwa nini mpini wa Mluguru ni mti mtupu?

Sokoni, katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, sikupata jibu. Mapanga ya kiwandani yenye mipini ya plastiki, visu kutoka China, miundu ya wahunzi. Nje, Wamasai waliokuja kuuza dawa za mizizi walikuwa na sime zao kiunoni, ala nyekundu, mpini uliovikwa ngozi, bila mnyama wala nusu ya mnyama. Mmoja aliniuliza kwa upole kwa nini nataka kujua urefu wa kisu chake. Nikaondoka.

Lile la sokoni ni jina tu. Kingalu mwenyewe makao yake ni Kinole. Ni jina la kurithi la machifu waliosifika kwa mvua, na ingawa uchifu wa kiserikali ulifutwa mwaka 1963, hakuna aliyeweza kulifuta jina. Barabara inatokea Bigwa, inapita Kiroka, kisha unaiacha na kuanza kupanda. Hapo bodaboda inakuwa mnyama mwingine. Migomba imeshika mteremko mzima, chini yake mananasi, juu yake mishelisheli, na kila baada ya kona harufu inabadilika: mdalasini ulioanikwa, karafuu, pilipili manga inayopanda kwenye miti ya watu. Akina mama wanashuka na mikungu ya ndizi kichwani kwenye njia ambayo mimi niliipanda kwa kushika majani.

Juu kidogo, pale shamba linapoanza kukutana na msitu, kijana aliyenisindikiza alisimama ghafla akanizuia kwa mkono. Kwenye tawi alikuwepo kinyonga dume mwenye pembe tatu, moja puani na mbili juu ya macho, aina iliyomo katika misitu hii na michache mingine ya milima ya mashariki. Ngozi ya kijani yenye vumbi la kahawia, kisogo kimeinuka kama kofia ya chuma. Nikasema moyoni kwamba kama kuna kichwa duniani kinachoomba kuwekwa juu ya jambia, ni hiki. Kijana wangu hakutaka kumsogelea, wala kumtazama sana. "Huyo mwache," alisema, na njia nzima iliyobaki akatembea mbele yangu kwa haraka.

Kinole nilipelekwa kwa mzee mmoja wa ukoo, mtu wa miaka themanini na zaidi, ambaye alikuwa amekaa barazani na mkewe wakichambua maharage. Nilipomaliza salamu, ambazo huko hazifupishwi, nikaeleza nilichokuja kutafuta. Mzee akacheka hadi akakohoa.

"Kisu? Mjukuu wangu, kisu ni cha kukatia. Mtu mkubwa hakujulikana kwa kisu. Alijulikana kwa fimbo."

Akaieleza kwa mikono yake. Mti mweusi, mrefu hadi kifuani, na juu yake mwanahiti. Wasomaji wa Uzaramoni, Ukwere na Udoe wanamjua: kiwiliwili kisicho na mikono, maziwa madogo, na kichwa chenye nywele zilizogawanywa matuta mawili. Akiwa peke yake, ni yule kijitu anachopewa mwali akiwa ndani, amtunze na kumwogesha hadi atoke. Akiwa juu ya fimbo, au kwenye kizibo cha tunguli la mganga, au kwenye mgongo wa kiti cha mkuu, ni jambo jingine: ni ukoo wenyewe.

"Na simba, babu? Au chui? Hakuna fimbo iliyokuwa na simba juu yake?"

Jibu halikutoka kwake. Bibi, ambaye hadi hapo alikuwa hajanyanyua macho kwenye ungo, aliuweka chini.

"Simba wa nini kwenye fimbo ya ukoo?" akaniuliza. "Simba anazaa?"

Mzee akanitazama kama mtu anayesema, umeshajibiwa. Na kweli nilikuwa nimejibiwa. Waluguru wanahesabu ukoo kwa mama. Ardhi ya mlimani, ile migomba na mihogo niliyoipita, ni ya lukolo, na lukolo hupita kwa wanawake. Mjomba anaweza kushika fimbo, lakini anaishika kwa niaba ya tumbo la dada yake. Katika ukumbi wa Shah Jahan, aliyepewa nafasi juu ya mpini ni mnyama wa kuwindwa na wa kupandwa, farasi, kondoo dume, nilgai, kwa sababu heshima yenyewe ilikuwa ya wanaume wa vita na mawindo, na ilitoka mkononi mwa mfalme. Hapa heshima ilitoka kwa mama, kwa hiyo aliyekaa juu ni binti. Tena amekaa juu ya mti usio na makali. Mimi niliona hilo ni jibu zuri kuliko kisu chochote ambacho ningeokota.

Nikaomba kuiona fimbo. Haikuwepo. Mzee alieleza bila hasira kwamba miaka mingi iliyopita alikuja dalali na pikipiki, akataja bei, na mpwa mmoja aliyekuwa na mgonjwa hospitalini akaitoa. Wapi ilikokwenda hajui. Anayetaka kujua ziliko fimbo za namna hiyo aanzie na maonyesho ya sanaa ya Tanzania yaliyofanyika Berlin na Munich mwaka 1994, au yale ya New York na Portland, Marekani, ya mwaka 2013: wanahiti, viti vya mgongo mrefu na vizibo vya matunguli vikiwa vimewekwa chini ya taa nzuri, na pembeni ya kila kimoja neno Luguru, Zaramo au Kwere. Jina la mtu ni nadra.

Kutoka Kinole nilirudi kwenye barabara kuu nikaendelea kusini, Mkuyuni, Matombo, Mvuha. Matombo nilipumzika kwa chai na mihogo ya kuchemsha. Kama kuna kifaa cha chuma kilichoandika historia mahali hapa ni jembe: mwaka 1955 wakulima waligoma kuchimba matuta ya lazima waliyoamriwa na serikali ya kikoloni, na ghasia zikamwaga damu hapa Matombo. Wazee bado wanaonyesha matuta yaliyobaki.

Baada ya hapo milima inakaa mkono wa kulia, na abiria mmoja ndani ya gari, mwalimu, akaninyooshea kidole upande wa Kolero. Ndiko lilikokuwa pango la Kolelo. Huyu ndiye mnyama mkubwa kuliko wote wa Uluguru, na pengine wa mashariki yote ya Tanzania: mzimu uliokaa pangoni kwa umbo la nyoka, ukasema kwa sauti, na watu wakatoka hadi Uzaramoni kuja kuuomba mvua. Burton alizisikia habari zake mwaka 1857. Mchungaji Mjerumani Martin Klamroth aliziandika kwa kirefu mwanzoni mwa karne ya 20, wakati zilikuwa zimeshachanganyika na moshi wa vita vya Maji Maji, kwa sababu mwaka 1905 Wazaramo wengi waliposikia habari za maji ya dawa walizipokea kama neno la Kolelo. Kwa nyoka mwenye uwezo huo, Jawa wangefua upanga wenye mawimbi na naga aliyepambwa kwa dhahabu kwenye makali. Kris za aina hiyo ni maarufu. Hapa nyoka alibaki pangoni. Mwalimu aliona swali langu la kumchonga ni la ajabu kidogo. "Ukimchonga utamweka wapi?" alisema. "Kiunoni? Ukalale naye?"

Dutumi ni kijiji kwenye joto la tambarare, na hapa ndipo Burton alipolala hoi kwa homa katika safari yake ya kwenda maziwa makuu. Miaka 27 baadaye, mwaka 1884, mtu huyohuyo alichapa kitabu kizima kuhusu historia ya upanga duniani. Napenda kuwaza kwamba alipokuwa akitetemeka hapa, misafara iliyokuwa ikipita mbele ya hema lake ilikuwa imebeba mipini. Haikuwa imechongwa bado. Ilikuwa bado meno ya tembo, mabegani kwa wapagazi, ikitoka Zungomero kuelekea pwani.

Maana hili ndilo nililolipata Kisaki, mwisho wa barabara, ambako sikulitarajia. Al-Masudi, msafiri wa Baghdad aliyefika katika mwambao huu mapema karne ya 10 na kufariki mwaka 956, aliandika kwamba meno ya tembo ya nchi ya Wazanji yalipelekwa Oman na kutoka huko India na China. Na akataja kazi yake India: mipini ya majambia na ya panga, na vipande vya sataranji. Wazanji wenyewe, anasema, hawakuyatumia kwa mapambo. Walijipamba kwa chuma. Tazama jinsi mambo yalivyokuwa. Karne saba kabla ya Shah Jahan, India ilikuwa ikishika visu vyake kwa tembo wa huku. Kichwa cha farasi kinachopendeza katika jumba fulani la makumbusho kinaweza kuwa kilikata miti ya mto Ruvu kabla hakijawa farasi.

Kifaru naye alikwenda njia hiyohiyo, na hadithi yake ni ya jana. Waarabu wa Yemen na Oman hawaweki sura ya mnyama kwenye jambia. Muoman atavisha mpini nyuzi za fedha, Myemeni atauacha useme kwa rangi yake. Lakini mpini wa thamani kuliko yote Yemen ni wa pembe ya kifaru, ambayo kadiri inavyoshikwa miaka mingi ndivyo inavyong'aa na kupitisha mwanga, rangi ya asali. Zamani ulikuwa wa wakubwa. Bei ya mafuta ilipopanda miaka ya 1970, vijana wa Yemen Kaskazini wakaenda kwa wingi kufanya kazi Saudi Arabia, wakarudi na fedha, na kila mmoja akataka jambia la bwana mkubwa. Esmond Bradley Martin, Mmarekani aliyeishi Nairobi na aliyeuawa nyumbani kwake humo Februari 2018, alitumia miaka mingi akiingia kwa mafundi wa Sana'a kufuatilia pembe hizo. Biashara ya kimataifa ilikuwa imeshapigwa marufuku mwaka 1977, na Yemen Kaskazini ilizuia uingizaji mwaka 1982, lakini marufuku ya kwenye karatasi haizuii bunduki porini. Kufikia mwaka 1989, serikali ilipoanzisha Operesheni Uhai, vifaru wa Selous walikuwa wamekwisha karibu wote.

Mlinzi mmoja mstaafu wa wanyamapori nilimkuta karibu na stesheni ya TAZARA ya Kisaki. Alianza kazi akiwaona vifaru bila kuwatafuta. Nilimwonyesha picha ya jambia la Yemen lenye mpini wa asali. Alilitazama muda mrefu kuliko nilgai, simba na kakatua.

"Hiki ndicho?" aliuliza. "Kidogo hivi?"

Kwa hiyo mnyama yumo kwenye mpini, na ametoka Morogoro. Aliingia kwa mwili wake. Waliomchonga, waliomvaa na waliosifiwa kwa kumvaa walikuwa ng'ambo, na sisi tukabaki na mpini wa mpera, ambao, kwa maoni ya fundi wa chini ya mwembe, ndio bora kwa kazi. Sehemu ya pori la Selous sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere tangu mwaka 2019, na vifaru wachache waliosalia wanalindwa kwa nguvu. Meno ya karne ya 10 hayarudi tena.

Fimbo bado zipo, chache. Kama nyumbani kwenu Kinole, Matombo, Mgeta au Kolero kuna moja darini, yenye binti wa matuta mawili ya nywele juu yake, usimkabidhi dalali leo. Ipige picha kwanza, pande zote. Kisha kaa na bibi yako, umuulize ilishikwa na nani, wa tumbo la nani, na uandike majina hayo nyuma ya picha.